Yadi Kumi za Kilemba

Nimechoka kusimulia. Kila anayepita shambani kwangu anaegemea jembe lake na kuuliza, na kila mmoja ana swali lake. Akina mama wa kwaya wanataka kujua Maulidi yakoje. Watoto wanataka bahari. Baba Koleta, mume wangu, mtu asiye na maneno mengi, anataka kujua tu kama basi lilikuwa na mapazia. Na wapo wawili watatu, nawajua, ambao hawaulizi kitu, wananong'ona tu kwamba mama mzima nilikwenda Bagamoyo nikacheka pasipochekwa. Haya, naandika. Masista walinifundisha kuandika wakidhani nitakuwa mmoja wao, na hawakupata faida nyingine kwangu. Mkikuta nimechanganya mambo, jueni nilichanganyikiwa hivyo hivyo huko huko, tangu asubuhi.

KUSHUKA KUTOKA MATOMBO

Kwanza niseme nilifuata nini, maana wengine wanadhani nilikwenda kutembea. Binti yangu Koleta alikuwa aolewe Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaweza kula, kunywa na kutoa ushauri, lakini neno ni la mjomba. Na mjomba wa Koleta ni mmoja tu, kaka yangu Mateo. Asipopokea kilemba chake kutoka kwa upande wa mume, hakuna ndoa, hata padre apige kengele mpaka kamba ikatike.

Sasa Mateo alikuwa Bagamoyo. Alikwenda pwani akiwa kijana, akawa mpishi, akasilimu, akamwoa mwanamke wa huko. Tangu tumzike mama, miaka minne, tulikuwa hatusemeshani. Tuligombea migomba. Yeye alitaka nusu ya shamba la mama wapewe binamu zetu waliokosa ardhi, na mimi nikamwambia mbele ya watu kwamba aliyekwenda kula samaki asiwapangie ndizi waliobaki mlimani. Aliondoka alfajiri bila kuaga. Nina mdomo, sikatai. Habari ya harusi nilimwandikia barua, barua ikaenda, jibu sikuliona.

Kilemba chenyewe nacho kina kisa. Siku hizi watu hutoa chochote wakakiita kilemba, lakini baba wa bwana harusi, Mzee Kaspari, ni fundi cherehani pale misheni, na alisema ukoo wake hautoi kilemba cha jina tu. Akakata bafta nyeupe safi, yadi kumi. Nilimuuliza kilemba gani hicho cha yadi kumi, kaka yangu ana kichwa kimoja. Akajibu kwamba nguo ndefu hupunguzwa, fupi haina dawa, na mjomba mwenyewe atajua la kufanya nayo. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namcheka. Nikaikunja, nikaitia kikapuni, nikafunika kwa khanga, juu nikaweka vichane viwili vya ndizi mbivu za shamba lile lile tulilogombea. Nilitaka azione.

Aliyenipatia safari ni Bi Mwanaidi, anayenunua ndizi zetu na kuziuza mjini Morogoro. Alisema watu wa mtaa wake wamekodi basi kwenda Maulidi Bagamoyo, kwenda na kurudi siku moja. Nikamwambia mimi ni Mkristo. Akasema basi halijui. Basi nikashuka na lori la ndizi siku moja kabla, mifupa yote ikahesabika kwenye makorongo yale, nikalala kwake.

MJINI HADI KINGOLWIRA

Tulikuwa tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu bado tulikuwa tumesimama tunabishana kuhusu matari. Vijana walitaka yafungwe juu ya basi pamoja na bendera. Wazee walikataa, wakasema umande utalegeza ngozi, tufike Bagamoyo tukipiga kama watu wanaokung'uta mikeka. Ikaamuliwa matari yakae ndani, kila mwanamke apakate moja. Nami nikapewa langu. Kumweleza mtu kwamba mimi si wa Maulidi ilikuwa kazi kubwa kuliko kulipakata, nikalipakata.

Baba Koleta, mapazia hayakuwapo. Mabenchi ya mbao, na dirisha la upande wangu halikushuka wala kupanda.

Basi liliponguruma nikafanya ishara ya msalaba, kama ninavyofanya kwenye chombo chochote chenye magurudumu. Jirani yangu, mama mmoja mnene mwenye meno ya dhahabu, alidhani nafukuza nzi. Akachukua upindo wa khanga yake akanisaidia kuwafukuza, mpaka Msamvu. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Halafu wakaanza kasida. Sauti nzuri, sitaki kusema uongo. Lakini mkongwe mmoja nyuma yangu akaona tari langu liko kimya, akanidunga kidole mgongoni akaniambia nipige. Nikapiga. Mahali pa kupiga ndipo nisipopajua. Baada ya muda kiongozi wao akageuka kutafuta ni nani anayeharibu, nikaacha, nikatazama nje. Kidole kikarudi. Nilikwenda hivyo, kidole nyuma na jicho mbele, mpaka Kingolwira, ambako Mungu alinihurumia na maji ya injini yakachemka.

Tulisimama karibu na stesheni zaidi ya saa nzima. Wafungwa wa shamba la serikali walikuwa wanapalilia kando ya barabara, na askari wao aliwaruhusu watuletee maji kwa madebe. Mmoja wao, kwa matamshi yake nikajua ni wa kwetu, akaniuliza tunakwenda wapi. Nilipomwambia Maulidi, akaomba nimwombee huko. Nikasema mimi si wao. Akasema niombe tu, wataelewana huko juu. Bi Mwanaidi akampa askari maandazi ili na mfungwa apate, na askari akala kwanza yake yote. Nilikuwa na hasira na yule askari mpaka Chalinze.

KINGOLWIRA HADI MLANDIZI

Chalinze tulikunywa chai ya maziwa na mihogo ya kuchoma. Wenzangu waliokuwa na tabia ya kusema "tunakaa kidogo tu" walikaa. Nikamuuliza dereva tutafika saa ngapi. Akanijibu kwamba kufika tutafika, ila kuondoka kule ni saa kumi jioni kamili, maana taa moja ya basi ni mbovu na hataki kupita porini giza likiwa limeshika. Basi nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kila tulipokaa kidogo, muda wa kaka yangu ulikuwa unaliwa.

Yule mama wa meno ya dhahabu akaniuliza namjua nani huko zaidi ya kaka yangu. Nikamweleza habari za Kibwana, na lazima niwaeleze na ninyi ambao hamumjui. Kibwana alizaliwa kilima cha pili kutoka kwetu, akaenda pwani pamoja na kaka yangu, wakakaa huko wote. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Mtani mnamjua: anaweza kukuvua kofia, kukuita mchawi, kukunyang'anya nyama mdomoni, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Kibwana amenitania tangu sina meno.

Miaka mitatu nyuma alikuja Matombo kutembea. Siku ya soko alisimama katikati ya watu akatangaza kwamba Mama Koleta ameteleza mtoni amekufa. Watu wakaja kwangu na kuni na unga, wengine wanalia, wakanikuta namenya mihogo. Na kwa kuwa unga umeshafika, wakapika wakala. Kibwana alikula kuliko wote. Mama wa meno ya dhahabu alicheka mpaka tari lake likaanguka, akasema huyo mtu anastahili kufungwa mdomo kwa kamba. Nikamwambia zamu yangu inakuja, nimeshaandaa maneno.

Baada ya Mlandizi njia ikawa mchanga, na basi likazama. Tulishuka wote tukasukuma, wanaume mbele, sisi nyuma, kasida ikiimbwa. Hapo nami nilipiga kelele za kutosha na hakuna aliyenidunga. Tulifika Bagamoyo saa saba mchana badala ya saa tano.

BAGAMOYO, NJE YA BASI

Watoto, bahari niliiona kwa upenyo kati ya nyumba mbili. Nilidhani ni anga limeshuka chini. Basi, hiyo ndiyo bahari, muda mwingine sikupata.

Mji ulikuwa umejaa. Bendera za kijani na nyeupe, ubani, matari kutoka kila upande, kanzu na kofia kila mtu. Mimi nilikuwa na mpango wangu: nimtafute Mateo, nimpe ndizi, nimwombe radhi kabla sijabadili mawazo, halafu kilemba. Mguu wangu haujagusa chini nikamwona Kibwana, amesimama mlangoni pa basi, anakagua nyuso za wanaoshuka. Aliponiona akashtuka. Halafu akasema, bila hata salamu:

"Mama Koleta, umechelewa. Mateo kafa alfajiri hii. Alisikia unakuja, akaona kuliko mgombane tena, bora yeye atangulie kuondoka."

Ndugu zangu, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mlango wa basi. Na lile neno nililoliandaa njia nzima likatoka lenyewe:

"Na wewe wamekuacha wa nini? Wangekuzika naye, wakaokoa shimo moja."

Bi Mwanaidi alicheka. Mama wa meno ya dhahabu, ambaye nilishamsimulia, alicheka kuliko sote, akampiga Kibwana begani. Kibwana akaniambia twende nyumbani. Nikamwambia siendi naye popote, anataka kula ndizi zangu njiani. Akanyoosha mkono kupokea kikapu, nikakivuta. Nikajitosa kwenye watu, naye akanifuata.

Nyumba ya kaka niliwahi kuifikia mara moja tu, wakati wa mvua. Nilikumbuka kisima na mlango wenye kiraka cha bati. Bagamoyo kila mtaa una kisima, na milango yenye viraka vya bati ni mingi. Nikaanza kuuliza. Niliuliza kwa Mateo mpishi. Hakuna aliyemjua. Waliitikia salamu zangu vizuri, wakaniuliza hali, safari, watu wa nyumbani, halafu wakasema Mateo hawamjui. Nilikuwa najua kwa nini. Huko anaitwa Shabani. Lakini jina hilo sikuwa nimelitamka hata siku moja tangu asilimu, lilikuwa sehemu ya ugomvi wetu, na ubishi wangu mnaujua. Nikawa nazunguka mji mzima nauliza mtu asiyekuwapo.

Mara nikamwona kwa nyuma. Shingo yake, mwendo wake wa kuburuta kisigino cha kushoto. Alikuwa ndani ya maandamano, nikaingia nami, nikabanwa kati ya bendera mbili, nikatembea nao mtaa mzima nikiwa sijui tunakwenda wapi. Nilipomfikia na kumshika mkono, akageuka mzee wa watu wa uso mwingine kabisa. Nikamwamkia shikamoo kwa aibu. Akaitikia marahaba, akanibariki, akaendelea kuimba.

Maandamano yalitufikisha kwenye uwanja wenye masufuria makubwa kama mapipa. Wanawake wakanikalisha chini mkekani bila kuniuliza mimi ni nani, wakaweka sinia mbele yetu. Pilau. Nilikuwa na njaa, nikala. Tonge la kwanza tu nikasimamisha mkono.

Kaka yangu ana mkono mzito wa dalasini. Tangu utoto, hata chai yake ilikuwa kama dawa. Mama alikuwa akimwambia dalasini ni ya kuuza, siyo ya kumaliza. Pilau ile ilikuwa ya kwake, ningeapa mbele ya altare. Nikamgeukia Kibwana, aliyekuwa amesimama juani pembeni ya mkeka, nikamwambia kwa sauti wote wasikie kwamba maiti hapiki pilau. Na kwa furaha niliyokuwa nayo, lile jina likanitoka. Nikamuuliza mama aliyekuwa akipakua kama aliyepika ni Shabani.

"Ndiye," akasema. "Shabani wa Bi Zuhura. Alikuwa hapa usiku kucha."

Mnaona. Nilikuwa na ushahidi mkononi na mwingine mdomoni. Nikamwambia Kibwana kwamba uongo wake umeoza, kwamba sura yake ni ya mwizi wa kuku, kwamba babu yake alifukuzwa na nyani shambani kwake mwenyewe. Hayo yote ni mambo ya kawaida kati yetu, na kila moja lina jibu lake, tumeyajibizana maisha yetu yote.

Hakunijibu.

Nikamtukana tena, tusi kubwa zaidi, la mama mkwe wake. Akatazama chini. Mtani asiyerudisha tusi sikuwahi kumwona tangu nizaliwe. Tonge lilikuwa bado mkononi mwangu. Ndipo akili ikaanza kunirudia polepole: kwetu habari ya msiba hupewa nani aipeleke? Mtani. Kazi hiyo ni yake, haiachiwi mtu mwingine. Mimi nisiyesahau hata deni la kibaba cha unga nililisahau hilo.

Nikamuuliza kwa nini aliniambia kwa namna ile.

"Ningekwambiaje?" akasema. "Mimi ni mtani wako."

MLANGO WENYE KIRAKA CHA BATI

Nyumba ilikuwa hatua mia kutoka pale nilipokula. Nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili.

Wifi yangu Zuhura alikuwa ndani na wanawake wachache. Wengi mjini walikuwa hawajapata habari, kelele za sherehe zilikuwa zinaifunika. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, nikajua atanitukana na nikaona ni haki yake. Hakunitukana. Alinishika mabega akaniambia Shabani alikaa na masufuria usiku wote, akatia nyama, akatia viungo, karibu na alfajiri akasema kifua kinambana, akaja kulala kidogo. Yeye Zuhura alipokwenda kumwamsha aswali, hakuamka.

Halafu akanionyesha sanduku. Lilikuwa kando ya mlango, limefungwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili, kama anavyofunga yeye. Barua yangu ilifika. Aliisoma, akakunja kanzu mpya, akanunua doti ya khanga ya Koleta, akamtuma Kibwana amwekee kiti kwenye basi la Morogoro la jioni ile. Alikuwa apande basi letu, na ndiyo maana Kibwana alikuwa mlangoni pake, akitafuta mtu wa kutuletea habari Matombo. Jibu hakuandika kwa sababu alikuwa anakuja yeye mwenyewe. Miaka minne nilikuwa nasema kaka yangu ana moyo mgumu, na sanduku lake limefungwa liko mlangoni. Nililia hapo, na sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Nje wanaume walikuwa wanazungumza kwa sauti za chini, na nikasikia tatizo lao. Maiti alishaoshwa, kaburi lilishachimbwa, walitaka kumswalia baada ya alasiri. Sanda ndiyo haikuwapo. Kipande walichokipata msikitini kilikuwa kifupi, Mateo alikuwa mtu mrefu. Maduka yote ya nguo yamefungwa kwa sababu ya Maulidi, na mwenye duka la karibu yuko ndani ya maandamano, mtu ametumwa kumtafuta tangu saa tano. Katika umati ule. Mimi nilikuwa nimetoka huko, nilijua maana yake.

Nilikaa pale na kikapu changu mapajani. Nilikuwa sijakiweka chini tangu nishuke basini. Nikatoa ndizi. Nikatoa khanga. Nikatoa bafta.

Mwalimu wao, mzee mpole, aliipima kwa mkono wake kuanzia kidoleni hadi kifuani, mara kumi na zaidi kidogo. Akaniuliza kwa heshima kama nguo hii naitoa kwa ridhaa, maana alishaambiwa mimi ni wa misheni.

"Si yangu nikaitoa," nikamwambia. "Ni yake. Nimemletea."

Akaichukua akaingia nayo. Kibwana akamfuata kusaidia kukata.

Bi Mwanaidi alikuwa amesikia, na akawaambia watu wa basi. Nilidhani watakuja wawili kunipa pole. Walikuja wote, matari wameyaacha. Wanaume waliosukuma basi pamoja nami mchangani wakabeba jeneza kwa kupokezana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona kaka yangu. Mama wa meno ya dhahabu alikaa karibu nami na hakusema neno juu ya kucheka kwake. Alikuwa anafukuza nzi usoni pangu, na safari hii walikuwapo kweli. Saa kumi ilipita, dereva wa "kamili" alikuwa makaburini anashika koleo.

Waliporudi, Kibwana alifanya kazi yake ya mwisho ya utani. Alivaa kofia ya marehemu, akashika mwiko, akatembea uani akiburuta kisigino cha kushoto, akionja sufuria tupu na kusema bado dalasini, ongezeni dalasini. Wifi Zuhura akaangua kicheko katikati ya machozi. Mimi nikacheka naye. Hicho ndicho kicheko mlichosikia habari zake, ninyi wa kunong'ona. Kile cha kwanza, cha mlangoni pa basi, hamkukisikia, na ndicho kinachoniamsha.

KURUDI

Tuliondoka jua likizama na taa yetu moja. Kibwana alikuja nasi, akakaa kwenye kiti ambacho kingekuwa cha kaka yangu. Sanduku nilikuwa nimelipakata mimi. Karibu na Mlandizi wakauliza kama nitakwazika wakiimba. Nikasema waimbe. Waliimba polepole, na yule mkongwe wa nyuma akanidunga kidole, safari hii kunipa ndizi. Ilikuwa ya shamba letu, mtu alizibeba kutoka msibani. Nilikula. Mpaka sasa sijui kama nilimwombea yule mfungwa, nadhani nilichanganya maombi yote pamoja.

Kesho yake tulipanda Matombo. Wazee wa ukoo wetu na wa upande wa mume walikuwa wameshakaa uani kwangu wakingoja neno la mjomba. Baba Koleta alikuwa amewapikia uji. Wakaniuliza kama ilivyo desturi, kabla hata sijakaa: kilemba kimepokelewa?

Nikasema kimepokelewa. Halafu nikawaeleza yote, na Koleta akalia ndani, akasikika. Mzee mmoja wa kwetu, mpenda sheria, akauliza kama mtu aliyekufa anaweza kupokea kitu, na kama kuna shahidi. Kibwana akasimama. Akasema yeye mwenyewe amemvika. Akasema sanduku hili mnaloliona lilifungwa na mtu aliyekuwa njiani kuja kusema ndiyo, na asiyeamini na alifungue. Wakalifungua, wakaziona zile khanga. Hapo hapakuwa na swali tena. Walikubaliana ndoa iwe baada ya arobaini, na Kibwana akae kwenye kiti cha mjomba, awe wa kwanza kuchekwa.

Mzee Kaspari, baba wa bwana harusi, alikuwa miongoni mwa wazee hao. Watu walipoanza kuondoka akanisogelea, kofia mkononi, akinitazama kama fundi anayemtazama mteja. Akaniuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, kama ile nguo ilimfika miguuni.

Nikamwambia ilimfika, na ikatosha kufunga.